Cornelius Barasa na Watawa Wake wa Uingereza

Baada ya miaka kumi na tano ya kutandika vitanda na kukagua vilivyotandikwa na wengine katika hoteli yetu hapa mtaa wa Al Sadd, Doha, Bwana Cornelius Barasa, Msimamizi wa Usafi wa Vyumba, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2018. Wageni watamkumbuka kwa mashuka yaliyonyooka. Sisi wenzake tutamkumbuka kwa watawa wa Kiingereza waliokufa zamani sana, ambao aliwazungumzia kana kwamba wako zamu pale dobi.

Alifika Doha mwaka 2003 akitokea Bungoma. Huko nyuma alikuwa amesomea falsafa seminarini, kabla ya kutambua kwamba aliyekuwa akimwita si Kanisa bali Wairimu. Hata hivyo jina la "Fada" lilimganda. Mhudumu mmoja mgeni aliwahi kumsikia Fada akisema kwenye simu, "Mpenzi, wabusu watoto wote," akashindwa kumaliza wali wake mpaka alipoelezwa.

Kila Ijumaa, kwenye kantini ya wafanyakazi, Fada alitusimulia habari za watawa Wafransisko waliosoma na kufundisha Oxford karne nyingi zilizopita. Mmoja wao, wa kijiji cha Ockham, alishikilia kwamba usirundike sababu nyingi pale ambapo chache zinatosha. Huyo huyo alisema yapo mambo ya Mungu ambayo akili haiwezi kuyathibitisha, ni imani tu inayoyashika. Fada alitoa mfano wa basi la kampuni: kwamba litafika kwa wakati, hilo nalo ni la imani tu. Mtawa mwingine, mchunguzi wa mwanga na upinde wa mvua, alisisitiza kwamba hoja peke yake haitoshi, lazima ujaribu uone.

"Na hayo ya mwanga aliyasoma wapi, Fada?" Swaleh, dereva wetu kutoka Lamu, aliuliza kila wiki.

"Kwenye vitabu vya Waarabu, Swaleh."

Swaleh aliridhika, akajiongezea chai.

Mwaka 2011 falsafa hiyo ilipata kazi ya kufanya. Mgeni mmoja, mama wa bibi harusi, alipoteza pete ya almasi chumbani. Meneja wa wakati huo aliamua kwamba mwizi ni Milcah, aliyesafisha chumba hicho, akishirikiana na dereva, mlinzi, na mtu wa kuchonga funguo. Milcah alikuwa na miezi michache tu kazini.

"Fada, mimi hiyo pete sijaiona," alilia. "Nikirudishwa nyumbani kwa wizi, mama nitamwambia nini?"

Fada alimfuata meneja. "Bosi, umeshafikisha wezi wanne kwa pete moja. Tuanze na jambo dogo. Imeingia kwenye sinki."

Akalegeza bomba la majitaka chini ya sinki kwa mikono yake. Pete haikuwemo. Maji yalikuwemo, mengi, yakashuka hadi chumba cha chini na kumwamsha mgeni ambaye hakuwa na habari yoyote ya falsafa. Meneja alisema Milcah ataondoka na ndege ya kesho, na Fada akitaka anaweza kumsindikiza.

Fada alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, suruali imelowa. Kisha akainuka, akamwomba yule mama amweleze alivyofanya asubuhi ile. Mama akasema alijipaka losheni mikononi, jua likamchoma macho, akavuta pazia. Fada akajipaka losheni, akashika pazia, akavuta kwa nguvu.

Pete yake ya ndoa ikachomoka, ikaruka, ikatumbukia kwenye matundu ya kiyoyozi chini ya dirisha.

"Wairimu ataniua!" Fada alipiga kelele, na hilo halikuwa neno la seminari. Fundi akaitwa mbio, akafungua kiyoyozi. Ndani mlikuwa na pete mbili.

Meneja aliomba radhi kwa Milcah mbele yetu sote, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Milcah alibaki, na kuanzia Julai ndiye atakayekuwa Msimamizi wetu wa Usafi wa Vyumba.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu ya mwisho ya Fada kufundisha. Miaka yote alizoea wasikilizaji wachache na vijiko vingi. Safari hii alikuta kantini imejaa hadi mlangoni, wapishi wamezima majiko, Swaleh amekaa mbele kabisa. Akatutazama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. Hatukuwahi kumwona Cornelius Barasa akikosa neno, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Asante, Fada, kwa kutuamini kabla hatujathibitishwa. Nenda Bungoma kwa amani, ulale mpaka jua lipande, na kitanda atandike mwingine.

Phoebe, Idara ya Mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote