Picha Iliyotakiwa Kuyeyuka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa baraza letu la LC III la Dranya; Baba Paroko na Sheikh wetu, mliobanana leo kwenye benchi moja kwa sababu viti vimekwisha; Bi Mkuu wa kituo hiki cha ufundi wa simu; ndugu zetu mliotoka Arua, mliotoka Omugo, na mliovuka mpaka kutoka Sudani Kusini; wazazi; na ninyi wahitimu mnaotoka jasho ndani ya majoho ya kukodi: salaam alekum, na Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni Sebit Jada, koplo mstaafu, mtu wa redio za jeshi. Niliitwa niseme juu ya maendeleo ya mawasiliano, tangu redio ile ya kubeba mgongoni mpaka hizi simu zenu. Niliandika hotuba nzuri ya kuwasifu, iko hapa mfukoni, lakini tangu jana nimeshindwa kuisoma. Nimepigwa na butwaa, wapendwa, na butwaa lenyewe halijanitoka mpaka sasa ninaposimama mbele yenu.

Mnamwona Viola pale mstari wa mbele, mwanafunzi bora wa mwaka huu? Ni binti wa marehemu mdogo wangu, kwa hiyo ni binti yangu. Mama yake, shemeji yangu Natalina, tulimzika hapa Dranya mwaka jana. Haya nitakayosema Viola ameniruhusu. Aliniambia asubuhi, "Baba Mkubwa, sema yote. Mimi nimechoka kunyamaza."

Ninyi vijana mnaijua ile programu ya kutumiana picha zinazoyeyuka. Viola ndiye aliyenifundisha. Mwanzoni, alisema, ilikuwa kitu kidogo tu: unatuma picha, mwenzako anaitazama kwa nukta chache, inapotea. Mimi nikafurahi! Jeshini ujumbe ukishasomwa unachomwa, na kumbe Wazungu wamewatengenezea watoto nidhamu ya sigino, yaani ya sisi watu wa redio. Baadaye ikabadilika, picha zikaanza kukaa siku nzima kila mtu akitazama. Halafu zikaja sura za kuchezea. Nami, mzee wa heshima, niliwekwa masikio ya sungura na watu wa Arua wakanicheka. Halafu ule moto mdogo unaozimika msipoandikiana kila siku, mpaka mabinti wanatumiana picha ya dari au ya kidole cha mguu, mradi moto usizimike. Halafu ikaja ramani, inayoonyesha wenzako uko wapi hasa. Ramani! Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa naficha mahali tulipo, na mtoto wangu anajitangaza bure akiwa sokoni. Na mwisho wa yote ikaja ghala. Programu iliyozaliwa ili isahau ikajifunza kuweka. Hilo hatukuambiwa, au tuliambiwa kwa maandishi madogo, na nani hapa anayasoma?

Sasa sikilizeni. Kwetu Wakakwa, mwanamke aliyeolewa hazikwi mpaka watu wa kwao wamwone uso. Kaka yake anafunua shuka, anatazama, anafunika kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya hapo hakuna anayefunua tena. Kaka wa Natalina ni mmoja tu aliyebaki, Lukudu, yuko Juba. Barabara ilikuwa imefungwa wiki ile, na mwili haukuweza kungoja. Wazee wa pande mbili wakaongea kwa simu, wakakubaliana: apelekewe picha ya uso, aione, atoe ruhusa.

Viola akasema picha hiyo ataituma kwa programu yake. Alisema, "Wazee, hii inatazamwa mara moja tu, alafu inajifunika yenyewe. Uso ya Mama haitatembea kwa simu ya watu."

Tulitazamana. Mtoto anamlilia mama yake, na bado amefikiria heshima kuliko sisi wote! Mzee mmoja alisema waliotengeneza kitu hicho lazima wana damu ya Kakwa. Viola akapiga picha, akatuma, na baada ya muda Lukudu akapiga simu: mzikeni. Tukazika.

Wakati ule Viola alikuwa na simu mpya. Programu ilikuwa imemwuliza kitu siku alipoiweka, naye akabonyeza ndiyo, kama tunavyobonyeza sote ili tuendelee na mambo yetu. Ile ndiyo ndiyo iliyofungua ghala. Kila alichopiga tangu siku hiyo kiliwekwa, naye hana habari.

Mwezi uliopita alikuwa Arua kwa mazoezi ya kazi. Wenzake wakampeleka kutazama mpira Onduparaka, na mnajua uwanja ule, watu wanaimba hata mpira ukiwa umetoka nje. Bao likaingia. Rafiki yake Betty akachukua simu ya Viola apige picha ya shangwe, na programu ikajifungua kwa muziki na nyota zinazoruka: Unakumbuka siku kama ya leo? Katikati ya zile nyota, uso wa Natalina, macho yamefungwa, pamba puani.

Betty aliangusha simu na kupiga kelele. Watu wa karibu wakadhani ni kelele za bao.

Niambieni, mashine gani hii inayomletea mtoto maiti ya mama yake kwa muziki wa sherehe? Na ngojeni, kwa sababu hilo bado si lote. Viola alifungua ghala lote kumtafuta mama yake akiwa hai. Miaka mitatu alikuwa akimpiga picha: Mama anachekecha unga, Mama anacheka, Mama amekasirika kwa kupigwa picha. Zote alizituma kwa marafiki kabla ya ile simu mpya. Zote zimeyeyuka kama zilivyoahidiwa. Picha za ndoa zilibaki Yei walipokimbia vita. Kitambulisho kimesuguliwa mpaka kimebaki kidevu na kola ya blauzi. Picha moja tu ya Natalina imebaki duniani, nayo ni ile isiyotakiwa kubaki.

Habari ikafika Juba. Lukudu akakasirika sana, akasema mtoto ameacha uso wa dada yake wazi mwaka mzima, na hatamwita tena mpwa wake. Jana akafika Dranya. Tukakaa, wazee wote, na Viola chini kwenye mkeka. Lukudu akanyoosha mkono. "Lete simu." Mimi nilijua anaivunja.

Hakuivunja. Aliishika tu, akasema, "Siku ile mimi hapana ona. Picha nafungua, macho inajaa maji. Napanguza macho, picha hakuna. Watu iko nangoja na kaburi iko wazi. Mimi nasema mzikeni. Lakini dada yangu mimi hapana ona."

Jamani! Mwaka mzima tumekaa tukijua Natalina alionwa na watu wa kwao, kumbe tulimzika bila kuonwa na yeyote wa kwao.

Basi Lukudu akamtazama dada yake kwenye kioo cha simu. Alimtazama mpaka chai ikapoa. Kisha akafunika kioo kwa kiganja chake, akamrudishia Viola simu na kumwambia afute. Viola akauliza, "Mjomba, nikifuta, Mama nitamwona wapi?" Lukudu alianza kulia. Na Viola, bila kusukumwa na mtu, akafuta.

Ndiyo sababu sisomi karatasi. Wahitimu, mtafungua simu za watu kila siku. Mwulizeni mwenye simu anachotaka kibaki na anachotaka kiondoke, kabla hamjabonyeza lolote. Hilo ndilo la kwenu.

Letu sisi wengine ni hili. Harusi gani ya Dranya au Koboko ambayo Natalina hakupika? Mpishi haitwi kwenye picha, lakini hupita nyuma ya bibi harusi na sufuria kichwani. Mrefu, mwenye mwanya, kitambaa amekifunga upande wa kushoto. Mkifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, fungueni albamu zenu, mtazame pembeni mwa picha. Nawashukuru kwa uvumilivu wenu, na Mungu…

Mama Margaret, mbona umesimama? Sema kwa nguvu, mama, spika zinavuma. Ubatizo wa mwanao Sunday? Uko nayo hapo kwenye simu? Nyuma ya Baba Paroko… Natalina, anacheka?

Viola. Toka kwenye mstari, mwanangu, wacha joho. Nenda. Pisheni jamani, mpisheni mtoto apite. Asanteni, mimi nimemaliza.