Bwana Akionekana: Maisha ya Mpimaji wa Kelele za Baharini

Ndugu yetu tuliyemleta hapa leo alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyotazamana na karakana ya meli. Baba yake alikuwa fundi chuma wa karakana hiyo, mtu wa kuingia kwenye tumbo la meli asubuhi na kugonga mabati hadi jioni. Alipofika umri wa miaka arobaini, masikio yake yalikuwa yamekwisha. Daktari wa karakana aliyatazama, akayaona ni mazima, akamrudisha kazini. Kwa hiyo katika nyumba ile watu walizungumza kwa kupayuka, hata walipoombana chumvi, na marehemu hakuiacha tabia hiyo maisha yake yote. Waliofanya naye kazi watakubali kwamba mtu aliyeitumikia nchi yake kwa kupunguza kelele alikuwa yeye mwenyewe na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya bweni mwaka 1975. Mwalimu wake wa fizikia aliwahi kujaza pipa maji, akawaambia wanafunzi waegemeze sikio kwenye pipa, kisha akagonga mawe mawili ndani ya maji. Wote waliruka. Mwalimu akaeleza kuwa sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani. Marehemu akanyoosha mkono.

“Mwalimu, kama humu kuna samaki, anakimbilia wapi?”

“Humu hamna samaki. Kaa chini.”

Alikaa chini, lakini swali halikukaa. Alisoma fizikia chuo kikuu kuanzia 1982 hadi 1985, na tasnifu yake ilihusu sauti.

Kazi yake ya kwanza, kuanzia Januari 1986, ilikuwa katika idara ya viwango, ambako alizunguka viwandani na kwenye mashine za kusaga akiwa na kipimo cha kelele shingoni. Mwaka 1994 alihamishiwa idara ya mazingira, ghorofa ya pili, chumba kilichopakana na mashine ya kudurufu. Huko ndiko alikopewa, mwaka 2003, kazi iliyoyameza maisha yake: kuandika kanuni za ujenzi ndani ya bahari.

Kwa wale ambao hawakupata bahati ya kukaa naye meza moja na kuelezwa jambo hili hadi chai ikapoa, ni hivi. Gati au daraja la baharini husimama juu ya nguzo za chuma, na nguzo hizo hupigiliwa chini ya sakafu ya bahari kwa nyundo ya mtambo. Kila pigo husikika majini kilomita nyingi. Pomboo, nyangumi na nguva ni wanyama wanaonyonyesha, kama sisi, na baharini hawategemei sana macho, kwa kuwa maji huwa machafu au giza. Pomboo humjua mwenzake kwa sauti, hutafuta chakula kwa sauti, na mtoto akipotea mama humwita kwa sauti. Nyundo ikiwa karibu, masikio yao huweza kuharibika. Ikiwa mbali, huwazuia wasisikilizane. Njia za kupunguza madhara zinajulikana: kuanza kupiga polepole ili wanyama wapate nafasi ya kuondoka, kuizungushia nguzo pazia la viputo vya hewa ili limeze sauti, na kusimamisha kazi wanyama wakikaribia.

Marehemu aliziandika zote. Alikataa lugha ya kisheria. “Nataka hata kibarua azielewe bila wakili,” alisema, na kanuni ya tisa aliiandika kwa mkono wake: *Mnyama wa baharini akionekana ndani ya mita mia tano, upigaji wa nguzo usimame.* Kanuni zilitiwa saini Agosti 2004. Jioni hiyo alikuja nyumbani na keki.

Mwezi Februari 2006 ujenzi wa gati jipya ulianza, na marehemu akaenda kukagua. Kanuni zilimtaka mkandarasi awe na mtazamaji. Mtazamaji alikuwepo, na kofia yake, na darubini yake, amekaa kivulini nyuma ya kontena, uso umeelekea kantini.

“Wewe ndiye mtazamaji?”

“Ndiyo, mzee.”

“Bahari iko wapi?”

“Iko hapo nyuma yangu, mzee.”

“Sasa unatazama nini?”

“Nimeambiwa wakionekana nitoe taarifa. Tangu nianze, hajaonekana hata mmoja.”

Marehemu alisimamisha kazi papo hapo. Mkandarasi akakata rufaa, na wakili wake hakuhitaji hata robo saa. Alisimama mbele ya baraza la rufaa akaisoma kanuni ya tisa polepole, kisha akasema, “Waheshimiwa, sheria imesema *akionekana*. Haikusema *atafutwe*. Kuonekana ni kazi ya pomboo. Mteja wangu hajawahi kumzuia pomboo yeyote asionekane.”

Watu walicheka. Mwenyekiti wa baraza alicheka. Kisha akaamua kwamba wakili alikuwa sahihi, na kwa lugha tuliyo nayo, alikuwa sahihi. Mtu aliyeandika neno hilo alikuwa amekaa mstari wa mbele, amebeba kinasa sauti cha majini ndani ya ndoo, kwa kuwa alidhani ataombwa kuonyesha ushahidi. Hakuombwa. Kuanzia siku hiyo, kila alipotokea kwenye eneo la ujenzi, vibarua waliitana: “Jamani, Bwana Akionekana kaonekana!” Naye alicheka pamoja nao. Nyumbani hakucheka.

Kile kinasa sauti hakikuwa bure. Kabla gati halijaanza, alikuwa amekitumbukiza katika ghuba ile mara kwa mara na kunasa miluzi ya kundi moja la pomboo, na kila mmoja alikuwa na mluzi wake, kama jina. Nyundo zilipoanza, miluzi ilipungua, kisha ikakoma. Mwaka huo pomboo wawili walikutwa wamekufa ufukweni, mkubwa na mdogo. Daktari wa mifugo aliyeitwa alikuta masikio yameshaoza, akaandika kuwa chanzo cha kifo hakijulikani. Watu walimtaka marehemu ampinge. Alikataa. “Ameandika alichoweza kukijua,” alisema. “Mimi pia sijui. Shida yangu ni kwamba tulipanga tusijue.”

Tarehe 9 Desemba 1989 marehemu alifunga ndoa na mkunga wa hospitali ya wilaya, ambaye yuko nasi hapa. Walikutana alipokwenda kupima kelele za jenereta la wodi ya wazazi, naye akafukuzwa kwa sababu sauti yake iliwaamsha watoto kumi na moja waliokuwa wamelala. Walijaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Mke wake ndiye aliyeona tatizo la kanuni ya tisa kabla ya mawakili wote. Aliposomewa rasimu mezani, alisema: “Mume wangu, mimi kila siku naweka sikio tumboni kumsikiliza mtu asiyeonekana. Kama ningengoja aonekane ndipo niamini yupo, ningezalisha wangapi?” Marehemu akamjibu kwamba kanuni si wodi ya wazazi. Alilijutia jibu hilo miaka kumi na nane, na mke wake, ambaye ni mwanamke muungwana, alimkumbusha kwa kiasi tu.

Watoto walilelewa chini ya neno hilo la *akionekana*. Mtoto hakuruhusiwa kusema viatu vyake havionekani.

“Baba, daftari langu halionekani.”

“Limetafutwa?”

“Halionekani, baba.”

“Sikuuliza habari za daftari. Nauliza habari zako.”

Binti yake mkubwa aliolewa mwaka 2015 na mhandisi wa nguzo, na familia ikaingiwa na wasiwasi. Lakini mkwe na baba mkwe walielewana vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Mkwe ndiye aliyemwambia waziwazi kinachofanyika kazini. “Baba, pazia la viputo tunalo. Tunaliwasha mkaguzi akija. Kuanza polepole nako tunakuruka, kwa sababu taarifa ya mtazamaji kila siku ni ileile, hakuna aliyeonekana.”

“Na wewe unasemaje?”

“Nasema ratiba imebana, baba.”

“Basi kaseme na hilo mbele ya kamati ya mazingira.”

Mkwe alikwenda, akasema, na kampuni ikamhamishia kwenye barabara za nchi kavu. Yuko huko hadi leo. Familia inamshukuru.

Marehemu alijaribu mara tatu kuibadilisha kanuni yake. Mwaka 2009 rasimu ilifika mezani kwa waziri, na waziri akabadilishwa kabla ya kanuni. Mwaka 2014 kamati ilimsikiliza asubuhi nzima, kisha mjumbe mmoja akauliza kama kuna pomboo aliyewasilisha malalamiko. Wenzake waliangua kicheko, na kikao kikaahirishwa kwa ajili ya chakula. Hakikurudi. Mwaka 2021 marehemu alistaafu, akaagwa kwa saa ya ukutani, na Jumatatu iliyofuata akaonekana tena ghorofa ya pili akiwa na rasimu ya tatu. Hii ilikuwa fupi kuliko zote. Ilibadilisha maneno machache tu: *Mnyama wa baharini atafutwe kwa macho na kwa kinasa sauti kabla na wakati wa kazi, akionekana au akisikika, upigaji wa nguzo usimame.*

Safari hii alifanikiwa, au karibu. Wataalamu waliipitisha. Wanasheria waliipitisha, mmoja wao alikuwa yuleyule wakili wa mwaka 2006, sasa ameajiriwa serikalini, na alimshika mkono akamwambia, “Mzee, hapa umeziba. Hata mimi sipiti.” Oktoba 2023 rasimu ilipelekwa kwa mkurugenzi ili itiwe saini. Ilibaki saini moja.

Mwezi huohuo figo zake, zilizokuwa zikimsumbua tangu 2019, zilishindwa kabisa kufanya kazi. Alianza kusafishwa damu hospitalini. Wauguzi wa kitengo kile watamkumbuka. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba mashine namba nne inalia kupita kiasi. Wiki ya pili alikuja na kipimo chake na kuthibitisha. Wiki ya tatu fundi aliikaza skrubu moja na wagonjwa wote wakalala usingizi. Muuguzi mkuu alituambia ndiye mgonjwa pekee aliyewahi kupigiwa makofi chumbani humo. Tunataja hili kwa sababu hiyo ndiyo mara ya mwisho alipolalamika jambo na likatengenezwa.

Kutoka kitandani alipiga simu kwa mkurugenzi kila alipopata nguvu. Katibu muhtasi alipokea kwa heshima zote. Mwezi Aprili mke wake alichoka kumsikia akihema kwenye simu, akaichukua yeye.

“Shikamoo, mama. Lile faili, mama, kwa sasa halionekani.”

“Limetafutwa?”

“Mama, nitamwambia bosi.”

Marehemu alicheka hadi muuguzi akaja kutazama mirija. Kisha akageukia ukuta. Wiki hizo za mwisho hakutaka kuzungumzia habari nyingine. Awamu ya pili ya gati ilikuwa imeshapangiwa tarehe, nguzo mpya zilikuwa zimeshashushwa bandarini, na alijua kwamba nyundo ya kwanza ikipigwa chini ya kanuni ya zamani, mkataba wote utaendeshwa kwa kanuni hiyo hadi nguzo ya mwisho. Ndiyo sababu saini ilikuwa na haraka. Hakuwa akiharakisha sifa zake.

Mwezi Mei alimwomba binti yake mdogo aende kwenye ghuba na kinasa sauti. Binti alikwenda na kurudi na sauti aliyoinasa. Kulikuwa na miluzi mitatu. Mmoja marehemu alidhani anaufahamu, lakini alikuwa mtu wa vipimo na hakutaka kuapa. “Wamerudi,” alisema tu. Kisha, kwa ile sauti yake ambayo hata ugonjwa haukuipunguza: “Na hakuna atakayewatafuta.”

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na mke wake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada yake mkubwa na kaka zake wawili. Mjane ameomba jambo moja tu kuhusu wasifu huu: usiseme kwamba mume wake alishinda, wala kwamba mchango wake utakumbukwa, kwa sababu yeye mwenyewe angeuliza utakumbukwa na nani na kwa kanuni ipi.

Familia inamshukuru mkurugenzi wa idara ya mazingira, aliyeacha shughuli zake na kuungana nasi. Amekaa safu ya pili. Ametuarifu kwamba faili lilipatikana juzi, Alhamisi, katika chumba cha mashine ya kudurufu. Bado halijatiwa saini. Leo ni Jumamosi, na nyundo zinaanza Jumatatu saa moja asubuhi. Kalamu zipo, mheshimiwa, hapa mezani, kwenye kitabu cha rambirambi.

Mwenyezi Mungu ampumzishe mtu wetu kwa amani.