Mlango wa Mwenye Eda

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Kila mwenye pumzi na aitikie!

Kabla sijaendelea, natenga mambo mawili, kwa kuwa madhabahu si mahali pa uvumi. Niliyoyasikia nitasema nimeyasikia. Niliyoyaona nitayasimamia hata mbele ya hakimu.

Binti yangu Dorkasi, mnayemwona pale kwenye kwaya, alijiunga na kozi ya kuwaandaa watu kwa masomo ya chuo. Anataka uuguzi, lakini masomo yakamshinda. Nilisikia kwamba alikuwa amerogwa. Jamaa mmoja alitaja kijicho, mwingine jini. Mimi jini sikumwona. Nilichokiona ni kwamba Dorkasi aliweza kuukariri ukurasa mzima, pamoja na nukta na mkato wake! Nikimuuliza mwandishi anasema nini, hunirudishia ukurasa ule ule.

"Sikukuuliza kimeandikwa nini," nilimwambia. "Nimekuuliza umeelewa nini."

Akalia. Kazi zake za kufupisha makala zilirudi na wino mwekundu: "Haya ni maneno ya kitabu. Yako yako wapi?" Mwalimu wake akamwonya mbele yangu kwamba muhtasari wa mwisho ukirudi hivyo, nafasi yake ya chuo atapewa mwingine.

Ndugu zangu, nilipiga magoti! Nikasema, "Bwana, kumbukumbu umempa, mfungulie na ufahamu."

Jumamosi iliyofuata, jirani yetu wa Kibokoni, Bi Zuhura, alikuwa akialika watu harusi ya mjukuu wake. Mnaijua desturi ya Mji wa Kale: kadi ni kadi, lakini mwaliko wa heshima huja mlangoni kwa mdomo wa mtu. Goti lilimzuia kutembea. Akaketi barazani kwangu, akamfunza Dorkasi maneno, akamtuma milango ya majirani. Nilikuwa papo hapo, nikiona na kusikia.

Dorkasi akapiga hodi mlango wa kwanza, akamwaga aliyofunzwa: "Bi Zuhura awasalimu, awaalika arusini Ijumaa, mje mle, mcheze, mpige vigelegele mpaka sauti ziwakauke!"

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mwanangu, mimi ni mwenye eda. Mume wangu hata arubaini yake haijafika. Nicheze vipi?"

Bi Zuhura akajishika kichwa. "Aka! Mwana we! Msiba huu si wewe waujua?"

"Naujua, Bi. Lakini ndivyo ulivyoniambia niseme."

"Nimetuma mtu, imekwenda redio! Mwenye eda hapigiwi vigelegele, hupewa habari kwa heshima. Jambo ni lile lile, nyumba ndiyo si ile ile. Rudi!"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipouona mkono wa Bwana! Dorkasi alisimama tena mbele ya pazia lile, akafikiri, akasema polepole: "Bibi, niwie radhi. Bi Zuhura aona si vyema furaha imfike nawe hujaambiwa. Mjukuu wake aolewa Ijumaa. Hakuiti utoke, akuomba dua."

"Mwambie habari nimeipokea," sauti ikajibu, "na dua ataipata."

Maneno yale hakufunzwa na mtu! Mlango uliofuata ulikuwa wa wasichana, naye akayageuza tena, mpaka wakapiga vigelegele pale pale kizingitini. Akarudi kwangu mbio, macho yakimng'aa.

"Baba! Kumbe makala nayo hubebwa hivi hivi!"

Akaisoma makala ya muhtasari wake wa mwisho, akaifunga, akanieleza kana kwamba mimi ndimi niliye nyuma ya pazia. Nikaelewa! Kisha akaandika. Kazi iliporudi niliisoma kwa miwani yangu mwenyewe: "Sasa nakusikia." Mwalimu akaniambia ana kwa ana kwamba nafasi ni yake. Bwana apewe sifa!

Mzazi unayelia kwa ajili ya mwanao, usikimbilie maneno ya watu. Mwendee Bwana, kisha kaa uangalie kwa macho yako ni mlango gani anaufungua. Anafungua!

Wapo wanaosema Dorkasi atawashinda wote chuoni. Hilo nimelisikia, silishuhudii. Ninaloshuhudia ni la jana. Aliketi mezani kwangu na kitabu kipya, akasoma sura moja, akakifunga. Kisha akasema, "Baba, mwandishi huyu nimemwelewa. Lakini sikubaliani naye."