Usiitike kwa Jina Langu

Basi dogo lilipotoka Birere kuelekea Munigi, Mama Cibalonza, beseni la samaki wadogo wa sambaza magotini, alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mbele yake askari alikuwa akifunua silabasi, kitabu cha somo la sheria. Kijana wa kando yake, mwanafunzi mwenzake wa chuo, alimwuliza kama kesho atakuja darasani.

"Kesho niko ku vita."

"Usiogope, grand frère. Profesa akiita majina, nitaitika 'présent' kwa nafasi yako. Sisi wote tunafanyaka vile."

Ndiyo sheria wanayosomea, Mama Cibalonza aliwaza.

"Hapana," askari akasema. "Kule simu haipatikane. Kila Jumamosi mama yangu anapitaka pale chuo kuuliza kama niliitika. Ni habari yangu moja tu anapataka."

"Lakini usipoitika, unapoteza mwaka!"

"Nipoteze. Sitaki anipikie maharage kumbe nilishakufa, niko mu udongo."

Kijana alikuwa bado anabisha gari liliposimama Munigi. Askari akashuka, silabasi ikabaki kitini. Kijana akaiokota, akatoa kichwa dirishani, akaita jina aliloliona limeshonwa kifuani mwa askari: "Baharanyi!"

Mama Cibalonza akasahau usingizi wake wa uongo. Akageukia dirisha, akingoja askari aitike.