Kipa wa Kanazi

Ndani ya basi la Biharamulo, kijana Jovitus, kipa wa timu ya Kanazi, aliniamkia tena na tena, kwa adabu ileile, kana kwamba ndiyo kwanza tumeonana.

“Jana alijigonga kichwa kwenye nguzo ya goli,” baba yake, ambaye ndiye kocha, alimweleza muuguzi aliyeketi kando yao. “Lakini mzima. Kesho anadaka fainali.”

“Kocha, huo ubongo umetikisika. Mpeleke hospitali, asicheze mpaka daktari aruhusu.”

“Nyie wauguzi, mama, mngemlaza hata mbuzi aliyejikwaa!”

Katika bweni la shule ninalolisimamia, jibu la namna hiyo lingemletea mwanafunzi adhabu ya jembe na shamba la kulima.

Basi likasimama. Jovitus akamgeukia baba yake, akitabasamu kwa upole.

“Samahani, mzee, na wewe unashukia hapa?”