Mwalimu Ntirenganya na Ukuta wa Waliochelewa

Kalima, tarehe 14 mwezi wa saba 1957. Ni miaka sita na miezi minne tangu nilipoondoka Goma.

Tarehe 31 ya mwezi huu Mwalimu Gaspard Ntirenganya anapumzika kazi, baada ya kufundisha miaka ishirini na mitano katika shule yetu ya Murara, mtaa wa Goma. Mwalimu Célestin, atakayeshika nafasi yake, ameniomba niandike maneno ya karatasi ya sherehe. Wako waliosoma kuliko mimi. Mimi niliishia mwaka wa nne, na huo nao niliurudia. Lakini Célestin anasema mstaafu ni baba yangu, na wengine wana kazi. Mimi pia nina kazi, ya kuchimba madini ya bati hapa Kalima, ila leo ni siku ya Mungu.

Mwalimu alivuka kutoka Rwanda mwaka 1932 kwa miguu, pamoja na mama yangu Mukamazimpaka, mkeka mmoja na kitabu kimoja cha hesabu. Alikuta darasa la nyasi na watoto kumi na wanne. Leo ni mia mbili. Watu walimwita mgeni. Waliendelea kumwita hivyo hata walipokuwa wakimletea ugomvi wao aumalize. Bwana Kataliko, mchuuzi wa maharagwe pale Birere, alipogombania mpaka wa kiwanja na jirani yake, Mwalimu hakumhukumu mtu. Aliwaketisha wote wawili kwenye benchi moja, katikati ya watoto wa mwaka wa kwanza, mpaka wapatane. Walipatana saa sita mchana. Kesho yake Bwana Kataliko alirudi peke yake, kwa kuwa walikuwa wameishia herufi M na alitaka kujua zilizobaki.

Serikali ilipokataa kutujengea darasa la pili, Mwalimu hakubisha. Alitangaza tu kwamba kila atakayefika baada ya kengele ataleta jiwe la volkano. Kengele yetu ni chuma cha gurudumu la lori, na mawe ya volkano ndicho kitu pekee ambacho Goma haijawahi kukikosa. Ukuta ukaanza kupanda. Bwana Kataliko alikuja kulalamika.

"Mwalimu, mutoto wangu anasoma ao anajenga?"

"Akifika mbele ya kengele, anasoma."

Watoto wakajifunza kuwahi, na ukuta ukakwama kwenye urefu wa magoti. Mwalimu akaipiga kengele mapema kwa robo saa, kazi ikaendelea.

Aliyejenga kuliko wote ni mimi. Nyumba yetu iko hatua thelathini kutoka kwenye kengele. Katika ubavu wote unaotazama mtaa wa Himbi, naweza kuonyesha mawe yangu moja moja.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu 1951 lilikuwa limebaki jiwe moja tu ukuta uishe. Nilichelewa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, ndevu zimeanza kuota. Mwalimu alisema mbele ya darasa zima: "Weye unalala nyumba moja na kengele, na bado unachelewa? Enda, lete jiwe." Watoto wadogo walicheka. Nikatoka kutafuta jiwe. Nikafika bandarini, nikakuta meli ya Bukavu inapakia viazi, nikapanda.

Sijarudi mpaka leo. Nilimwandikia barua tatu, hakujibu hata moja. Simlaumu. Ndani yake sikuomba msamaha, nilieleza habari za mvua.

Tundu la lile jiwe liko wazi hadi sasa. Mwalimu amekataa mtu mwingine alizibe. Mvua inaingia hapo, kwa hiyo alihamishia meza yake chini ya tundu ili asilowe mwanafunzi. Célestin alikuwepo mwaka jana mkaguzi alipopita na kuuliza.

"Tundu hii ni ya nini?"

"Iko nafasi ya jiwe, Bwana. Mwanafunzi moja alienda kulileta."

"Lini?"

"Mwaka wa makumi tano na moja."

Mkaguzi aliandika jambo katika daftari lake, akaendelea na madirisha.

Sasa wazee wa sherehe wanataka tundu lizibwe ili ukuta upendeze mbele ya wageni. Célestin alimuuliza Mwalimu. Alijibu, "Nikisha pumzika, ukuta ni yako," kisha akaenda kupiga kengele, na haikuwa saa yake.

Mama yangu hajui kuandika. Mwezi uliopita dereva mmoja aliniletea kutoka kwake kamba yenye mafundo matatu: kutoka fundo la kwanza mpaka la pili ni upana wa tundu, kutoka hapo mpaka la mwisho ni urefu wake. Hakutuma neno jingine. Mawe ya huku ni meupe, si meusi kama yale ya volkano. Nimelichonga moja kwa kipimo cha kamba, kazi ya jioni kumi na moja. Litaonekana kutoka barabarani, na hakuna atakayeuliza ni la nani.

Célestin, usilizibe.

Baba, asante kwa herufi zote ulizonipa, hata hizi zinazopinda. Umechoka kihalali. Kaa, ule viazi vikiwa bado vya moto, uwaache wengine wachelewe bila wewe. Ila naomba uruhusiwe kuipiga kengele siku moja zaidi, Jumatatu tarehe 2 mwezi wa tisa, siku ya kufungua shule. Mkataba wangu unaisha tarehe 24 mwezi wa nane. Meli itanifikisha Goma Jumatatu hiyo saa tatu asubuhi. Kengele ni saa moja. Nitakuwa nimechelewa, na jiwe nitakuwa nalo.

Habarurema, mwana wa Ntirenganya