Mzee Byabato Aliyerudi Nyanga Kula

Ijumaa, tarehe 29 Juni 1984. Asubuhi ukungu mzito juu ya migomba, manyunyu kidogo, kisha jua. Kesho Jumamosi, tarehe 30, Mzee Gamaliel Byabato, Ofisa Misaada ya Wanafunzi wa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Nyakishaka, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili na nusu. Mwenyewe ameshaniuliza mara mbili, mimi ninayeandika wasifu huu wa sherehe ya kumuaga, kama nina uhakika na hesabu hiyo.

Kwa wageni wa sherehe wasiomfahamu, itoshe kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiamua ni mwanafunzi yupi chuo kimbebee ada, sare na chakula, na ni yupi abebwe na kwao. Kazi hiyo ilimfundisha kumtilia shaka kila mtu. Ukimsalimia kwa uchangamfu uliozidi kidogo, anauliza unataka nini. Usipomsalimia, anauliza unaficha nini. Baiskeli ya ofisi aliifunga kwa mnyororo na kufuli, kisha akachomoa na vali za magurudumu na kwenda nazo nyumbani mfukoni. Chai ya saa nne huionja kwanza kwa ncha ya ulimi, ingawa Mama Mastura amekuwa akiipika jikoni kwetu tangu chuo kifunguliwe na hajamdhuru mtu.

Alizaliwa Kitendaguro, Bukoba, mwaka 1929. Aliajiriwa Januari 1962, majuma machache baada ya Uhuru, katika ofisi iliyoshughulikia misaada ya karo za wanafunzi wa sekondari. Nchi ilikuwa na haraka ya kupata wasomi, na msaada ulikuwa kwa watoto wa maskini tu. Basi Bukoba nzima ikawa maskini. Wafanyabiashara wa kahawa walionekana ofisini wamevaa mashati ya vibarua wao. Kijana Gamaliel aliamua kwamba hataamini karatasi wala shati. Akaanza kwenda majumbani bila kutoa taarifa.

Hadithi za miaka hiyo anazisimulia vizuri akiwa na uhakika kwamba hakuna anayesikiliza mlangoni. Baba mmoja wa Hamugembe alimkalisha kizingitini bibi kizee mgonjwa, akasema ndiye mama yake na matibabu yake yamemmaliza. Gamaliel akainama, akamuuliza bibi jina la mwanawe. Bibi akajibu kwamba hamjui huyu bwana, ila ameahidiwa nyama na mpaka sasa haioni. Mwingine aliwahamishia ng'ombe wake kwa jirani, akasahau kinyesi chao uani. Gamaliel alikitazama kikifuka mvuke, akasema tu, "Ng'ombe wa kwako ni wepesi. Wanaacha alama, wao hawaonekani."

Katika ziara hizo alijiwekea amri moja: hali kitu katika nyumba ya mwombaji. Hapokei ndizi, wala togwa, wala hata ile kahawa ya kutafuna anayokaribishwa nayo kila mgeni Uhayani. Watu waliona ni matusi. Yeye alisema anayekula kwa mtu hawezi kumnyima, na aliendelea hivyo kwa miaka kumi na mitano, hata alipohamishiwa chuoni kwetu Muleba mwaka 1976.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mzee mwenyewe ameagiza liandikwe. Juzi alikuja mezani kwangu akitaka kujua nimeandika nini juu yake. Nilipomsomea sifa zake, alikunja uso. Akasema niandike habari ya Nyanga, kwa sababu nikiiacha hiyo hakuna mtu mwenye akili atakayeamini zilizobaki.

Septemba 1977 tulipata ombi la Celina, binti wa marehemu Ildefons wa Nyanga. Alikuwa amechaguliwa kujifunza ushonaji, na alieleza kwamba mama yake, Ma Clotilda, ni mjane asiye na kitu. Mwisho wa mwezi Mzee alikwenda kwao Kitendaguro kama kawaida yake, na Jumamosi akashuka Nyanga kwa miguu. Alikuta nyumba ya mabati. Alikuta kibanja kinene, yaani shamba la kuzunguka nyumba, migomba imeegemezwa miti kwa uzito wa mikungu, na kahawa imeiva mpaka matawi yanainama. Kulikuwa na ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba. Ma Clotilda alipiga magoti kumsalimia, akamletea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo. Akakataa. Alipouliza kibanja ni cha nani, mama alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni cha marehemu. Mzee alikwisha sikia majibu ya namna hiyo kwa matajiri wengi. Jumatatu aliandika kwamba mwombaji anatoka katika nyumba yenye uwezo, na ombi likakataliwa. Nafasi ya Celina ingeshikiliwa hadi katikati ya Oktoba tu, kisha apewe mwingine.

Wiki iliyofuata Celina mwenyewe alifika ofisini. Alikuwa amepanda lori la mkaa kutoka Bukoba, na vumbi lake lilionekana hata kwenye nyusi. Hakulia wala hakubembeleza. Alisimama mbele ya meza ya Mzee, akamwita baba kwa Kihaya, na kumuuliza swali ambalo hakuwa amewahi kuulizwa.

"Tata, siku ile kwetu, mama alikupa nini ukala?"

Mzee akamwambia kwamba yeye hali kwa watu.

"Basi hukuona kitu," alisema Celina. "Rudi ule."

Mzee alinigeukia mimi niliyekuwa karani wake, akasema nimesikia kwa masikio yangu, huyu binti anamhonga mbele ya shahidi. Celina aliaga kwa heshima na kwenda zake. Siku zile Mzee hakuwa na raha. Kwanza alishuku kwamba huo ni mtego, kwamba akila tu, watu watatokea migombani kumshika. Kisha alishuku kwamba mtego mpumbavu kiasi kile hautegwi na binti mwenye macho kama yale. Mwisho, nadhani, alianza kushuku macho yake mwenyewe. Jumamosi alitangaza kwamba tunakwenda Nyanga wote wawili, mimi niwe shahidi kwamba hakupokea chochote isipokuwa chakula.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Ma Clotilda alitukaribisha, akaleta kikapu chake cha kahawa akijua kitakataliwa. Mzee akachukua punje, akatia mdomoni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, "Mama, leo nina njaa."

Katika nyumba yoyote ya Bukoba, maneno hayo yana jibu moja. Mwenye nyumba anachukua panga, anaingia kibanjani, na baada ya muda mfupi unasikia mkungu ukianguka. Ma Clotilda hakuchukua panga. Alimtazama Celina, akajifunga kanga vizuri, akatoka mikono mitupu mpaka kwenye mpaka wa kibanja, akaita kwa unyenyekevu. Upande wa pili alijibu shemeji yake, Rwegasira, ndugu wa marehemu. Sisi tulikuwa ndani, na migomba haizuii sauti.

"Waitu shemeji, nimepata mgeni wa serikali. Naomba mkungu mmoja."

"Si ulikwisha kata mwezi huu?"

"Ule mdogo tu, wa karibu na choo."

"Mdogo nao unakua. Mwambie mgeni wako akale kwao."

Ma Clotilda alirudi, akatutaka radhi kana kwamba kosa ni lake, akatupikia njugu mawe alizolima kwa jembe lake kule nyikani, nje ya kibanja, ambako ardhi haina mbolea wala haigombewi. Mzee alikula mpaka ya mwisho. Mimi nilimwangalia usoni, na ninavyomjua, nilitegemea atauliza kama ile sauti ya mpakani haikuwa ya kupangwa. Hakuuliza.

Hakuwa na haja. Alilijua jambo lile tangu utotoni, kama tunavyolijua wote tuliozaliwa huku. Ildefons alikufa akiacha mabinti watupu. Kibanja kikarudi kwa ukoo, maana yake kwa ndugu yake. Ng'ombe ni wa ndugu yake. Kahawa Ma Clotilda aliichuma na kuianika, na shemeji aliiuza. Yeye aliachiwa kulala chini ya yale mabati ili nyumba isioze. Mzee alikuwa amepita katikati ya utajiri ule wote akiwa amefumba mdomo, na kwa kufumba mdomo akafumba na macho. Angekubali mlo siku ya kwanza, angejua kila kitu kabla maji hayajachemka.

Celina aliripoti chuoni siku mbili kabla ya nafasi yake kupotea, akiwa na barua ya msaada kamili. Mama Mastura anakumbuka kwamba Mzee alimsindikiza mpaka bwenini na kukagua godoro lake kama halina kunguni, akasema hamwamini mtunza stoo.

Kuna jambo jingine ambalo Mzee hakuagiza niliandike, nami naliandika kwa jukumu langu. Kwao Kitendaguro alikuwapo mjane wa kaka yake, mwenye mabinti watupu pia, akiishi katika kibanja ambacho Mzee alikirithi. Mwezi uliofuata safari ya Nyanga, Mzee alirudi nyumbani na panga jipya lililofungwa gazeti. Alimkabidhi shemeji yake mbele ya majirani, akasema kuanzia siku hiyo asimwombe mtu.

Baada ya hapo amri ikageuka. Mzee akawa anafika kwa mwombaji na kutangaza njaa kabla hajaketi. Bila shaka maneno yakaanza. Ilisemwa kwamba Byabato aliyekuwa hanunuliki sasa ananunulika kwa sahani. Ilisemwa kwamba amenenepa. Mwaka 1980 Bodi ya Chuo ilimwita ajieleze, na mwenyekiti wake, Mzee Burhani Zahoro wa Bukoba mjini, aliuliza bila kuzunguka kama ni kweli anakula kwa waombaji. Mzee akakiri. Akaulizwa anakula nini.

"Wanachonipa," alijibu. "Na nasikiliza wamekitoa wapi."

Bodi haikuridhika. Mwenyekiti akaamua kufuatana naye siku nzima ili ashuhudie. Walitembelea nyumba nne wakala katika nyumba nne, na katika ya mwisho walipewa magimbi. Mzee Zahoro alilala siku mbili kwa tumbo, kisha akaandika kwamba hakuna mtu anayeweza kuifanya kazi ile kwa tamaa. Shauri likafungwa. Tangu hapo Mzee Byabato anamshuku Mzee Zahoro kwamba hakuugua, bali alikwepa nyumba ya tano.

Lakini asidhani mtu kwamba kula kulimlainisha. Mwaka jana, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipokuwa wakizika sabuni mashambani wasishtakiwe kwa ulanguzi, Mzee alikwenda mwenyewe kwa mgambo na kuwaomba waanze kupekua kwake. Mgambo hawakuwahi kuona mtu anayeomba kupekuliwa. Wakamshuku papo hapo, wakapekua mpaka ndani ya mito. Walikuta vipande viwili vya sabuni na stakabadhi zake zote mbili. Aliwalalamikia kwamba hawakutazama darini.

Wanafunzi aliowapitisha, leo ni mafundi seremala, waashi, wakulima na washonaji katika vijiji vya Muleba na Bukoba. Wengi watakuwapo kesho. Wengine aliowanyima watakuwapo pia, na ameomba wakae mahali anapoweza kuwaona.

Celina hakuondoka. Tangu mwaka 1981 ni mwalimu wa ushonaji hapa hapa chuoni. Kijiji kilimgawia kipande cha nyika kwenye kilima cha pili kutoka chuoni, kwa jina lake mwenyewe, ardhi ya majani matupu ambayo watu walimcheka kwa kuipokea. Alibeba samadi kichwani msimu baada ya msimu. Alimleta mama yake. Migomba ilichelewa, na mikungu yake bado si mikubwa.

Leo alasiri Mzee aliingia jikoni tulikokuwa tukiandaa chakula cha kesho. Aliuliza sukari imetoka duka gani. Aliuliza mchele umepatikana kwa kibali cha nani, na Mama Mastura akamwambia, "Mzee, hata kwenye sherehe yako unatuchunguza?" Akajibu kwamba hasa kwenye sherehe yake. Kisha akaona mkungu sakafuni karibu na mlango, na Celina amesimama pembeni yake.

Alichuchumaa, akagusa mahali ulipokatwa. Utomvu ulikuwa bado unatoka.

"Huu umemwomba nani?"

"Sikumwomba mtu, Tata," alisema Celina. "Ni wangu. Nimekata mwenyewe."

Mzee aliliangalia panga mkononi mwa Celina. Sisi tulingoja swali la pili, kwa sababu kwa Mzee Byabato lipo la pili daima. Hakuwa nalo. Alivuta kigoda, akaketi, akasema ndizi chache zimenywe zipikwe sasa hivi, maana hana imani kwamba kesho tutamwachia. Zikamenywa. Alikula jikoni, Celina akimpakulia, na alipomaliza aliomba tena.

Mzee Gamaliel, chuo kinakushukuru kwa miaka uliyotushuku, kwa kuwa kila shaka yako ilimlinda mtoto wa mtu. Nenda Kitendaguro ukapumzike. Kila nyumba utakayobisha hodi tunakuombea chakula kilichokatwa na mkono wa mwenyewe, nawe ukakile kwa amani, bila kuuliza.

Jovita Karugendo, karani wa Ofisi ya Misaada. Stensili ya nakala za wageni itapigwa kesho asubuhi. Nimezima taa saa tano na robo.